Inaingia, lakini haisikiki: mikro ndogo za nje kwenye vinasa sauti vya mkononi

Pale Birere, mtaa wa biashara wa Goma, ukiweka kinasa sauti chako juu ya meza ya muuzaji na kumwuliza kama ile mikro ya kubana kwenye shati itakifaa, jibu huwa moja: "Inaingia, papa, inaingia." Wala hakudanganyi. Fishi, yaani kichwa cha waya cha kuchomeka, ya milimita 3.5 huingia kwenye kila tundu la milimita 3.5. Shida huanza ukifika nyumbani: umebonyeza kitufe chekundu, kipimo cha sauti kimelala, au sauti inatoka upande wa kushoto peke yake, au mtu anasikika kama anaongea toka ndani ya pipa. Mara nyingi mikro si mbovu. Imekosa umeme, au umeme umefika mahali pasipo pake.

Tathmini hii inahusu njia tatu za kuunganisha mikro ndogo ya nje, kwa wanaorekodi mahojiano, kwaya na sauti za mji wa Goma: Boya BY-M1 yenye betri yake, jozi ya kapsuli (kile kidude chenyewe kinachopokea sauti ndani ya mikro) za Primo EM272 zinazolishwa na kisanduku cha volti 9, na mikro ya shati inayopitia adapta ya Rode VXLR+ hadi kwenye XLR, lile tundu kubwa la pini tatu. Vinasa sauti ni Zoom H1n, Tascam DR-05X na Zoom H5. Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii: anayehoji watu anunue BY-M1 na asiumize kichwa zaidi, anayerekodi kwaya au ngoma atengeneze kisanduku, mwenye H5 tayari achukue VXLR+, ila asinunue H5 kwa ajili ya VXLR+.

Kabla ya kutazama chapa, tazama fishi. Ikiwa na viduara vyeusi viwili, ina sehemu tatu za kugusana: ncha, pete na shina. Hiyo ndiyo ya vinasa sauti na kamera. Ikiwa na viduara vitatu, ina sehemu nne, na hiyo ni fishi ya simu. Kwa mpangilio wa simu nyingi za leo, ncha ni sikio la kushoto, pete ya kwanza ni sikio la kulia, pete ya pili ni ardhi, na mikro iko kwenye shina. Kinasa sauti chenyewe kinaitafuta mikro kwenye ncha, na kwenye shina kinatarajia ardhi. Kwa hiyo umeme hauifikii kapsuli na sauti haina pa kupitia. Dawa ni adapta ya kugeuza sehemu nne kuwa tatu. Ya Rode inaitwa SC3. Usiichanganye na SC4, ambayo inafanya kinyume, yaani inaipeleka mikro ya kamera kwenye simu. Kwenye adapta hizo kijivu ni upande wa simu, nyeusi ni upande wa kamera. Kosa la kununua moja badala ya nyingine ni la kila siku, na muuzaji hana lawama: zote mbili zinaingia.

Sasa umeme wenyewe. Ndani ya kapsuli ya elektreti, ambayo ndiyo aina ya mikro hizi ndogo, mna transista ndogo sana, na hiyo ndiyo inayokula. Haina ulafi: miliampea 0.5 au pungufu. Kinasa sauti huilisha kupitia waya uleule unaoleta sauti, ndiyo maana huoni waya wa ziada. Kwa Zoom H1n, umeme huo wa tundu (plug-in power) ni volti 2.5. Lakini 2.5 hizo ni kabla kapsuli haijaanza kula. Nyuma ya tundu kuna rezista, na umeme ukipita humo, sehemu ya volti inabaki njiani. Tuseme rezista ni ya kiloomu 2.2 na kapsuli inavuta miliampea 0.5: volti 1.1 zimebaki njiani, kapsuli imepata 1.4. Kwa mtu anayeongea taratibu mezani, zinatosha kabisa. Kwa kwaya ya watu 40 na ngoma zao chini ya paa la mabati, hazitoshi. Mawimbi makubwa ya sauti yanakosa nafasi, yanakatwa vichwa, na unasikia mkwaruzo kila soprano zinapopanda. Hapo wengi hukimbilia kupunguza kiwango cha kurekodi, kisha wanashangaa mkwaruzo uko palepale, umekuwa mdogo tu. Sauti imeshaharibika ndani ya kapsuli kabla haijafika kwenye kinasa.

Usiridhike na karatasi ya kiwandani, pima. Chukua fishi tupu ya sehemu tatu, iunganishe na vipande vya waya, washa kinasa sauti, washa umeme wa tundu kwenye menyu, kisha weka testa kwenye volti 20 za DC. Kati ya ncha na shina unapaswa kuona namba iliyo karibu na ile ya kiwandani. Kati ya pete na shina vilevile. Sufuri pande zote mbili maana yake umeme umezimwa kwenye menyu. Sufuri upande mmoja maana yake tundu limechafuka au mguu wake umebanduka kwenye sakiti. Baada ya hapo, weka rezista ya kiloomu 2.2 kati ya ncha na shina, upime tena. Volti zikishuka hadi nusu, rezista ya ndani nayo ni ya kiloomu 2.2 hivi. Zikishuka hadi robo, ya ndani ni kubwa mara tatu, na kinasa hicho kitaisumbua mikro yoyote yenye njaa. Kazi yote hiyo ni ya dakika tano.

BY-M1 inaukwepa mjadala huo wote kwa kubeba chakula chake. Katikati ya waya wake wa mita 6 kuna kisanduku cha gramu 18, ndani yake betri ya kifungo ya LR44, na ubavuni swichi ya nafasi mbili: simu au kamera. Ukiiweka kwenye simu, betri hailiwi, simu ndiyo inayolisha. Ukiiweka kwenye kamera, na machoni pake kinasa sauti nacho ni kamera, betri inafanya kazi na fishi yake ya sehemu nne inaelewana na tundu la sehemu tatu bila adapta. Hapa ndipo inapozishinda mikro nyingi za bei yake, zile zisizo na kisanduku, ambazo ni za simu tu hata kama picha kwenye boksi inaonyesha kamera. Ukiwa dukani na kisanduku hukioni, weka chini.

Iking'ang'ania kukaa kimya kwenye H1n au DR-05X, anza na swichi kabla ya kulaumu kitu kingine. Pili, zima umeme wa tundu kwenye menyu: mikro ina wake, na huo mwingine unaongeza tu mlipuko masikioni wakati wa kuchomeka na kula betri za kinasa. Tatu, isukume fishi hadi mwisho. Vinasa hivi vikihisi fishi, huzima mikro zao za ndani. Fishi ikiingia nusu, mikro za ndani zinaendelea kurekodi na wewe unaamini unaisikia ile ya shati. Jaribio ni rahisi: vaa hedifoni, kwaruza kichwa cha mikro kwa kucha, kisha kwaruza kinasa chenyewe. Mkwaruzo mkubwa ukitoka kwenye kinasa, hujaunganisha kitu.

LR44 haikosekani mjini, ila jina hubadilika. Kwa mafundi wa saa utaiona imeandikwa AG13, A76 au L1154. Ukubwa ni uleule, kipenyo milimita 11.6 na unene milimita 5.4. Ukiipata SR44, au 357, ichukue hata kama ni ghali: ni ya oksidi ya fedha, inashikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho wake, wakati LR44 ya alkali hushuka polepole na sauti inanyong'onyea nayo bila wewe kugundua katikati ya mahojiano. Kifungo kikipimwa na kuonyesha chini ya 1.3, kibadilishe. Na usiku urudishe swichi kwenye simu. Ikibaki kwenye kamera, betri inaliwa hata kama fishi imening'inia hewani.

Sauti yake? Kwa mahojiano ni nzuri kuliko bei yake, ambayo mtandaoni ni kama dola 20. Inasikia pande zote, kwa hiyo mtu akigeuza shingo hapotei. Ibane kiganja kimoja chini ya kidevu, fanya kitanzi kidogo cha waya nyuma ya klipu ili mvuto wa waya usifike kwenye kapsuli, na panga kiwango ili vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sufuri. Mita 6 ni nyingi kwa watu wawili mezani; zilizobaki zifunge, maana mguu wa mtu mmoja unatosha kulitoa tundu la H1n kwenye sakiti yake. Udhaifu wake ni kelele yake yenyewe. Kiwandani wanaandika uwiano wa sauti na kelele wa desibeli 74, na kwa kuwa kipimo hicho hufanywa kwa sauti ya desibeli 94, mikro ina mvumo wake wa desibeli kama 20. Mtu akiongea, mvumo huo humezwa. Ukirekodi ufuo wa Ziwa Kivu alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka, utausikia wazi kuliko mawimbi.

Kwa kazi hiyo, na kwa kwaya, EM272 iko daraja jingine. Uwiano wake ni desibeli 80, yaani mvumo wa 14 tu. Huuzwa kapsuli tupu: unanunua mbili, unaziunganisha na waya wenye ngao na fishi ya sehemu tatu, moja kwenye ncha na moja kwenye pete, ngao zote kwenye shina. Ardhi ya kapsuli ni ule mguu unaogusana na gamba lake la chuma. Ukigeuza miguu, utapata sauti hafifu au usipate kabisa. Fundi wa simu mwenye chuma chembamba cha kulehemu ataifanya kazi hiyo, lakini mwambie asizidishe sekunde mbili kwa kila mguu, kwa sababu joto linaua elektreti. Asiyejua kulehemu asijifunzie hapa.

Jozi hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye H1n inafanya kazi, kwa zile volti 1.4 tulizozihesabu. Ni safi kwa sauti za chini. Kwa kwaya, tengeneza kisanduku. Vifaa: betri ya volti 9 na klipu yake, rezista mbili za kiloomu 4.7, kapasita mbili za mikrofaradi 4.7, rezista mbili za kiloomu 100, matundu mawili ya 3.5 ya sehemu tatu, swichi, na kopo dogo la bati. Chanya ya betri inapita kwenye swichi, kisha kila rezista ya 4.7 inakwenda upande wake: moja kwenye ncha ya tundu la mikro, nyingine kwenye pete. Kutoka ncha hiyo, kapasita inakwenda kwenye ncha ya tundu la kutokea. Kutoka pete, kapasita ya pili inakwenda kwenye pete. Upande wa chanya wa kapasita utazame mikro, kwa sababu huko ndiko kwenye volti nyingi. Rezista za 100 zinatoka kila upande wa tundu la kutokea hadi ardhini. Kazi yake ni kuzuia mlipuko wakati wa kuchomeka. Hasi ya betri, mashina ya matundu yote na bati la kopo vyote vinakutana mahali pamoja. Bati lisipounganishwa na ardhi, kisanduku kitavuma kila mkono unapokigusa.

Hesabu yake: miliampea 0.5 kwenye kiloomu 4.7 inaacha volti 2.35 njiani, kapsuli inabaki na 6.6 hivi, ndani ya mpaka wake wa volti 10. Kapsuli mbili zinavuta miliampea 1, na betri ya alkali ya volti 9 ina kama miliampea-saa 500: ni saa 500, ukikumbuka kuzima. Usibanie kwenye kapasita. Ukiweka ya mikrofaradi 0.1 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo kwa fundi, na tundu la kinasa lina ukinzani wa kiloomu 10, kila kitu chini ya hezi 160 kinaanza kufifia: ngoma zinabaki vijiti, waimbaji wa besi wanageuka tenori. Kwa 4.7 mpaka huo unashuka hadi hezi 3 au 4. Faida nyingine ni kwamba kwenye DR-05X unaweza kuhamia kwenye kiwango cha laini (line), cha kupokea sauti yenye nguvu zaidi, ambacho chenyewe hakitoi umeme wa tundu, na ukarekodi ngoma kwa karibu bila kukizidi kinasa.

H5 ni habari nyingine, kwa sababu ina XLR na fantomu, yaani umeme ambao kinasa hupeleka kwa mikro kupitia waya wa XLR. Fantomu kamili ni volti 48, zinazopita kwenye rezista mbili za kiloomu 6.8, moja kwa pini ya 2 na moja kwa pini ya 3. Ziko adapta za bei rahisi, XLR upande mmoja na tundu la 3.5 upande wa pili, ambazo ndani mna waya tu. Ukichomeka mikro ya shati humo huku fantomu imewashwa, kapsuli ya kupewa volti 10 mwisho inapewa zaidi ya 40. Inaweza kufa palepale. Ikibahatika, inabaki na mkwaruzo wa kudumu. Rode nao wana VXLR isiyo na alama ya kujumlisha, ambayo haipunguzi umeme. Unayoitaka ni VXLR+: inapokea fantomu ya volti 12 hadi 48 na kutoa 3 hadi 5 kwa mikro. Itazame ile alama kwa macho yako mwenyewe. Na kwa kuwa H5 inakubali kuchagua 12, 24 au 48, chagua 12. Mikro haitaona tofauti, ila betri mbili za AA zitaona.

VXLR+ ni ya upande mmoja tu. Jozi ya kapsuli itahitaji mbili na waya wa kuzigawa, na hapo kisanduku cha volti 9 kinakuwa rahisi zaidi, maana kichwa cha XY cha H5, kile chenye mikro zake mbili, kina tundu lake la 3.5.

Wapo pia wanaotaka kinyume chake: mikro nzito ya mkononi, ile ya mahubiri, iingie kwenye H1n. Inawezekana, na haihitaji umeme wowote, kwa hiyo uzime. Mtego uko kwenye waya. Waya nyingi za XLR kwenda 3.5 zimeunganishwa pini ya 2 kwenye ncha na ya 3 kwenye pete. Kinasa kinadhani kimepewa kushoto na kulia, kumbe ni wimbi moja na kinyume chake. Kwenye hedifoni utahisi sauti haina mahali pa kukaa, lakini itasikika. Peleka faili hiyo redioni, msikilizaji aipokee kwenye simu yenye spika moja: kushoto na kulia vinafutana, mchungaji ametoweka. Waya sahihi una pini ya 2 kwenye ncha na pete kwa pamoja, na pini ya 1 na ya 3 kwenye shina. Aliyekwisha kurekodi vibaya asitupe kazi yake. Afute upande mmoja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kubaki na mwingine, sauti yote imo.

Kelele zinazobaki ni za mazingira. Ule mlio wa "tititi-tititi" kabla simu haijaita ni mtandao wa 2G, unaopiga mara 217 kwa sekunde, na waya wa mikro ni antena yake. Iweke simu mita mbili mbali au uizime mtandao. Kuizima sauti hakusaidii. Mvumo unaokuja ukichomeka kinasa kwenye chaja au kwenye inveta ya sola, na kutoweka ukichomoa, hauhusiani na mikro hata kidogo: rekodi kwa betri. Kwa hilo DR-05X ina nafuu, kwani inatumia AA zinazopatikana kila kioski, wakati H1n inataka AAA. Ukitumia zile za kuchaji, ambazo ni volti 1.2, iambie menyu aina ya betri, la sivyo kipimo kitakuambia zimekwisha wakati bado zina nusu.

Sponji ya BY-M1 huzuia pumzi, haizuii upepo wa ziwani. Kwa nje valisha manyoya. Na vumbi la lava, lile jeusi, ni gumu na linakwaruza. Likiingia kwenye tundu, sauti hukatika kila mtu anapotikisika. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Lowesha fishi kwa alkoholi ya kusafishia, iingize na kuizungusha mara kumi kinasa kikiwa kimezimwa, ifute, rudia mpaka itoke safi, kisha subiri ikauke kabla ya kuwasha.